SEHEMU YA 3: Helmeti ilitoka wapi, na ya mwanao iwe ipi?

Tulishaongelea michubuko na mifupa, leo ni zamu ya kichwa. Wengi mmeniuliza, "Nesi, helmeti si helmeti tu?" Hapana jamani. Kila aina ina ajali iliyoizaa, na ukiijua historia yake hutababaishwa dukani.

Tuanzie Uingereza, Mei 13, 1935. T. E. Lawrence, yule mwanajeshi aliyepata umaarufu vitani Uarabuni, alikuwa kwenye pikipiki, kichwa wazi. Akawakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akaanguka, akafariki baada ya siku sita. Kati ya madaktari walioitwa alikuwemo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Baadaye Cairns akaanza kuchunguza ajali za pikipiki, na mwaka 1941 akaandika alichokiona: ndani ya miezi 21 ya mwanzo ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani. Majeruhi waliokuwa wamevaa helmeti aliowapata walikuwa saba tu. Wote saba walipona.

Mwaka huohuo jeshi likaamuru matarishi wake wa pikipiki wavae. Raia wa kawaida je? Sheria yao ikaja 1973. Miaka 32 baadaye!

Kwenye baiskeli mambo yalikwenda polepole zaidi. Wanamashindano walivaa mikanda ya ngozi yenye pedi, imepangwa kichwani kama wavu. Hiyo inapunguza mchubuko, ila ubongo haiusaidii sana. Ubongo ni laini, na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigonga lami kinasimama ghafla, lakini ubongo bado unakwenda. Unachohitaji ni kitu cha kubonyea na kumeza ule mshindo. Kitu hicho ni lile povu gumu jeupe, kama linalowekwa kwenye boksi la televisheni. Mwaka 1975 kampuni ya Bell ya Marekani ikatoa helmeti ya baiskeli yenye povu hilo ndani na gamba gumu juu. Helmeti nyingi za leo ni wajukuu wake.

Watu walikubali? Wapi! Mwaka 1991 wakuu wa mchezo walipotaka kulazimisha helmeti, waendeshaji waligoma kwenye mashindano ya Paris–Nice, Ufaransa. Walisema joto, walisema uhuru wao. Machi 2003, kwenye Paris–Nice hiyohiyo, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka bila helmeti, akafa. Miezi miwili baadaye ikawa lazima. Huko Australia, jimbo la Victoria lilikuwa limeshatunga sheria kwa kila mwendesha baiskeli tangu Julai 1, 1990.

Haya, sasa turudi dukani.

Mtoto anaendesha mtaani au kwenda shule: chukua helmeti ya kawaida ya baiskeli, nyepesi, yenye matundu ya hewa. Tazama ndani kama kuna kibandiko cha EN 1078 cha Ulaya au CPSC cha Marekani, maana yake aina hiyo imepimwa.

Anayeruka ruka na kufanya michezo: ile ya duara inayoshuka mpaka kisogoni, kwa sababu huyu huanguka hata kinyumenyume.

Anayeteremka milimani kwa kasi: inayofunika uso mzima, na taya.

Ya pikipiki kwa mtoto wa baiskeli? Usimvalishe. Ni nzito, na shingo yake bado changa. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata helmeti nyepesi ni mzigo kwake, kwa hiyo asibebwe kwenye baiskeli kabisa.

Ukimvalisha, ikae sawa juu ya paji, vidole viwili juu ya nyusi. Mikanda ifanye umbo la V chini ya masikio, na kidevuni kipite kidole kimoja. Atikise kichwa: ikicheza, ni kubwa. Usinunue ya "atakua nayo" kama sare ya shule.

Akimaliza kuendesha, mvue kabla hajaenda kwenye bembea au kupanda mti. Kuna watoto walionyongwa na mkanda baada ya helmeti kunasa, ndiyo maana Ulaya waliweka kiwango cha pekee cha helmeti za watoto wadogo, EN 1080, chenye kifungo kinachoachia chenyewe.

Na ya mtumba? Najua bei inavutia. Lakini lile povu linafanya kazi mara moja tu. Likishabonyea halirudi, na kwa nje unaweza usione kitu. Hujui ilikotoka iliangukia nini. Kama hela ni ndogo, bora mpya ya bei nafuu yenye kibandiko kuliko ya mtumba yenye jina kubwa. Na ya mwanao ikishapiga chini kichwa kikiwa ndani, ishukuru, uitupe.

Helmeti haizuii ajali, mama. Breki, mwanga na jicho lako bado vinahitajika. Kazi yake ni pale vingine vyote vikishindwa.

Sehemu ya 4: mtoto kagonga kichwa, dalili zipi za kukukimbiza hospitali usiku huohuo. Leo nenda kaigeuze helmeti ya mwanao, usome kibandiko, halafu niambie umeona nini.