Seli Uaji Asilia: Istilahi na Kazi Yake katika Mimba

Seli uaji asilia ni chembe nyeupe za damu zenye uwezo wa kuua seli iliyoingiliwa na virusi au iliyogeuka kuwa saratani, hata kama mwili haujawahi kukutana na adui huyo. Jina hili lilizaliwa mwaka 1975, pale Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipoona kuwa seli za wengu wa panya wazima, ambao hawakuwa wamechanjwa, ziliua seli za saratani ya damu.

Kiswahili kina njia mbili za kulibeba jina hilo. Wapo wanaosema "seli muuaji", lakini hapo kiambishi m- huifanya seli kuwa mtu, na kwenye wingi mwandishi hukwama: aandike "seli wauaji" au "seli muuaji" tena? Njia nyoofu ni ile ya "kamati tendaji", ambamo shina la kitenzi lenye -ji huwa kivumishi kisicho na kiambishi awali. Kwa kanuni hiyo hupatikana "seli uaji". Tahadhari ni moja: "uaji" ni sifa ya seli, ilhali "uuaji", wenye u mbili, ni tendo lenyewe. Nalo neno "asilia" halina maana ya kale wala ya kienyeji; linaeleza kuwa seli imezaliwa na uwezo huo, haikufundishwa.

Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, seli hizi hujazana katika ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Kati ya chembe nyeupe kumi zilizopo hapo, takriban saba ni za aina hii. Mwaka 1953 Peter Medawar aliuliza ni vipi mwili wa mama unamvumilia mtoto ambaye nusu ya jeni zake ni za baba, wakati figo ya mtu mwingine ingekataliwa. Sehemu ya jibu imo katika ukuta huo, ulio mpaka kati ya mama na mtoto.

Seli za kondo la nyuma ziitwazo trofoblasti hupenya ukuta wa mji wa mimba hadi kwenye ateri zilizojisokota. Huondoa misuli ya ateri hizo, zikapanuka, damu ikapita kwa wingi na kwa upole. Zisipopenya vya kutosha, ateri hubaki nyembamba, kondo hupungukiwa damu, na mama anaweza kupanda presha na kupata hali inayotangulia kifafa cha mimba.

Kina cha upenyaji huo hutegemea jeni za watu wawili. Mama huchangia jeni za KIR, zilizo kwenye kromosomu ya 19, ambazo hutengeneza vipokezi vya seli uaji. Trofoblasti hazionyeshi protini za utambulisho ziitwazo HLA-A wala HLA-B. Huonyesha HLA-C, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 6 na ambayo mtoto hurithi nakala yake moja kwa baba. HLA-C ina makundi mawili, C1 na C2, yanayotofautishwa na asidi amino ya 80. Vikikutana na HLA-C, baadhi ya vipokezi vya KIR huzituliza seli uaji, vingine huzichochea zitoe kemikali zinazosaidia trofoblasti kusonga mbele. Mama aliyerithi seti ya jeni za KIR iitwayo A kwa wazazi wake wote wawili hana kipokezi cha kuchochewa na C2. Akibeba mtoto mwenye C2, hatari ya presha hiyo huongezeka.

Primati wengine wanaonyesha jinsi mfumo huu ulivyojengeka. Makaki na nyani hawana jeni ya C, na trofoblasti zao huishia juujuu. Orangutani wana C ya kundi la C1 tu, tena si wote. Sokwe na gorila wana C1 na C2, na trofoblasti zao huzama hadi kwenye misuli ya mji wa mimba, kama za binadamu. Binadamu peke yake ana aina mbili za seti za KIR, A na B, na zote mbili hupatikana katika kila jamii ya watu.

Mwaka 2015 Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa akina mama wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Hatari ya KIR A pamoja na C2 ilikuwa ileile iliyoonekana Uingereza, ila kinga ilitofautiana: Wazungu hulindwa na jeni ya KIR2DS1, Waganda na eneo la KIR B lenye jeni ya KIR2DS5.

Basi "seli uaji asilia" inafaa kama jina la jumla. Katika masuala ya uzazi iandikwe "seli uaji asilia za mji wa mimba", kwa kuwa hapo kazi yake kuu ni kusaidia kupanua ateri.