Dola 200,000 za Geita

Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipofika bungeni mwaka 2022, kilichovuma mitaani ni mchango wa Sh340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Sheria yenyewe ilipitishwa Novemba 2023. Geita na Shinyanga, ambako kaya zilikuwa zimezoea Sh30,000 za Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, watu walishtuka, na walikuwa na sababu. Ila swali la nani alipie matibabu katika ukanda huu wa dhahabu ni la zamani, na anayetaka kulielewa aanze na ripoti ambayo siku hizi haisomwi sana: ya Kamati ya Jaji Mark Bomani kuhusu sekta ya madini, ya mwaka 2008.

Mwanzo wa swali hilo unajulikana. Wamisionari walifungua hospitali Kolandoto, jirani na mji wa Shinyanga. Mgodi wa almasi wa Mwadui ukajenga yake. Baada ya Azimio la Arusha matibabu yakawa bure, na mwaka 1977 hospitali za biashara zikapigwa marufuku hadi 1991. Fedha za serikali zilipopungua, mwaka 1993 ulianza uchangiaji: mgonjwa akatakiwa kufika na chochote mkononi. Ng'ambo ya mto Manonga, Igunga, ndiko Mfuko wa Afya ya Jamii ulikojaribiwa mwaka 1996, kaya ikichanga na serikali ikiongeza kiasi kilekile kwa mtindo ulioitwa tele kwa tele.

Basi mwananchi alikuwa tayari amezoeshwa kuchangia wakati mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza kuzalisha dhahabu mwaka 2000. Mgodi nao ulichangia, ila kwa masharti mengine. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliiruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma hadi asilimia 0.3 ya mauzo. Mikataba ya migodi mikubwa ilifunga hesabu hiyo kwenye dola 200,000 kwa mwaka, dhahabu ipande bei isipande. Kampuni ikiuza dhahabu ya dola milioni 500, asilimia 0.3 ni dola milioni 1.5, zaidi ya mara saba ya kile ilichotakiwa kulipa. Kamati ya Bomani, iliyowajumuisha wabunge John Cheyo wa Bariadi na Zitto Kabwe, iliundwa na Rais Kikwete ili kuichunguza mikataba ya namna hii. Hata hivyo, ilipita miaka kadhaa baada ya ripoti kabla migodi haijaanza kulipa kwa asilimia.

Wakati huohuo serikali ilikuwa imetangaza MMAM, mpango wa 2007 hadi 2017 wa kuweka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wanakijiji walisomba mawe na mchanga, wakafyatua tofali, wakachanga fedha na kupandisha kuta. Serikali ilitakiwa kuezeka na kuleta mganga. Maboma mengi yalinyeshewa mvua miaka na miaka bila bati, na wajawazito wakaendelea kupakiwa kwenye baiskeli kufuata huduma mbali.

Deni la ushuru wa mgodi nalo likageuka ugomvi Septemba 2017. Madiwani wa Geita, wengi wao wa CCM, walidai zaidi ya dola milioni 12 za ushuru wa huduma wa miaka ya nyuma, tofauti kati ya kiwango cha mkataba na kile cha sheria. Kampuni ilishikilia kwamba ililipa kilichoandikwa kwenye mkataba. Madiwani wakaamua kufunga barabara ziendazo mgodini. Polisi walifika na mabomu ya machozi, na baadhi ya waheshimiwa wakalala mahabusu. Diwani wa chama tawala kukamatwa kwa kudai ushuru wa halmashauri yake si jambo la kila siku, hasa mwaka uleule ambao Rais Magufuli, mtoto wa Chato mkoani humohumo, alikuwa akipambana na kampuni ya madini ya Acacia juu ya makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu. Kwa maoni yangu madiwani walikosea njia, si hoja. Mkataba ulisainiwa na watu ambao hawakuwahi kulala kwenye foleni ya wodi ya Geita.

Mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka huo yalizilazimisha kampuni kupanga na halmashauri matumizi ya fedha za uwajibikaji kwa jamii. Tangu hapo saruji na bati za mgodi zimemalizia zahanati na madarasa, na tozo za miamala ya simu za mwaka 2021 zikaongeza vituo vya afya.

Majengo sasa yapo, lakini saruji haimlipi nesi mshahara wala kununua dawa. Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa au Nyarugusu hukohuko Geita, anayevuta vumbi la mwamba shimoni na kushika zebaki kwa mikono mitupu, hulipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe, na kuna wiki mifuko haitoi kitu. Huyu hana mwajiri wa kumkata bima kwenye mshahara. Wanaopanga viwango vya mchango wake wangefanya vema kuipitia upya ripoti ya Bomani, hasa kurasa za ushuru wa huduma.