Kukatika kwa Pumzi Usingizini: Tiba ya Kinywa na Meno

Kukatika kwa pumzi usingizini ni maradhi ambamo njia ya hewa ya mtu aliyelala hujiziba kooni, pumzi ikasimama kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo ukamshtua bila yeye kujua, akavuta hewa kwa kishindo na kulala tena. Hali hiyo hujirudia usiku kucha. Ukali wake hupimwa kwa kuhesabu matukio hayo kwa kila saa ya usingizi, yakiwemo yale ambayo pumzi hupungua bila kusimama kabisa. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni hali nyepesi, kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni ya wastani, na 30 kuendelea ni kali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa watu wapatao milioni 936 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wana maradhi haya kwa kiwango fulani. Asiyetibiwa hushinda akisinzia, na yumo katika hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu, kiharusi na ajali za barabarani.

Daktari wa kinywa na meno anahusika kwa sababu panapoziba ni nyuma tu ya mahali anapofanyia kazi kila siku. Ulimi umeshikizwa kwenye taya ya chini kwa ndani ya kidevu. Mtu akilala chali, misuli hulegea na ulimi ukarudi nyuma pamoja na kaakaa laini. Taya ikiwa fupi, au kaakaa likiwa jembamba na lenye kina kirefu, nafasi iliyobaki ni finyu tangu mwanzo. Ndiyo maana dalili nyingi huonekana mgonjwa akiwa amefungua kinywa: meno yaliyosagika, ulimi wenye alama za meno pembeni, mafindofindo makubwa, kinywa kikavu. Hata utepe wa fundi cherehani husaidia, kwa kuwa shingo yenye mzingo wa sentimita 43 au zaidi kwa mwanamume, au 41 kwa mwanamke, ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Katika mitaa ya pembezoni ya Dar es Salaam, mathalani Kipawa, kata ya wilaya ya Ilala iliyo jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, hali hii mara nyingi haihesabiwi kuwa ugonjwa. Kukoroma huchukuliwa kuwa ishara ya usingizi mnono au uchovu wa kazi. Anayeamka usiku akihaha kutafuta hewa husema amekabwa na jinamizi, ingawa jinamizi la kweli ni jambo jingine: mtu huamka akili ikiwa macho na mwili umeganda, pumzi ikiendelea. Katika nyumba ya vyumba vya kupanga, mkoromo wa mpangaji mmoja husikika hadi chumba cha pili na kuishia kuwa utani. Utani huo una taarifa ya thamani. Jirani au mwenza anayeweza kueleza kuwa mkoromo hukatika ghafla, kukawa kimya, kisha ukarudi kwa mshtuko, amemsaidia daktari kuliko mgonjwa mwenyewe, ambaye hakumbuki lolote. Kwa dereva wa lori au daladala katika Barabara ya Nyerere, taarifa hiyo inaweza kuokoa maisha ya wengi.

Wazo la kufungua koo kwa kusogeza taya ni la zamani. Pierre Robin, daktari wa kinywa wa Ufaransa, alibuni mwaka 1902 kifaa cha kipande kimoja cha kusogeza taya ya chini mbele, na baadaye akaeleza hali ya watoto wachanga wenye taya ndogo ambao ulimi huwazibia hewa. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa, ambayo hadi leo ndiyo tiba kuu ya hali kali. Mwaka uliofuata, Rosalind Cartwright na Charles Samelson wa Marekani walichapisha matokeo ya kifaa cha kushika ulimi usirudi nyuma. Mwongozo wa mwaka 2015 wa vyama vya tiba ya usingizi vya Marekani uliipa tiba ya meno nafasi rasmi: kifaa cha mdomoni kitolewe kwa mtu mzima asiyeweza kuvumilia mashine au anayechagua njia nyingine.

Tiba jumuishi ya meno, yaani ile inayotazama taya, pua, ulaji, misuli na usingizi kwa pamoja, ina mzizi mwingine unaogusa Afrika Mashariki. Weston Price, daktari wa meno wa Cleveland, Marekani, alisafiri mwaka 1935 katika Kenya, Uganda na Kongo akichunguza vinywa vya Wamasai, Wakikuyu, Wakamba na wengineo. Katika kitabu chake cha mwaka 1939 alidai kuwa waliokula vyakula vya asili walikuwa na taya pana, na waliozoea unga mweupe na sukari walikuwa na taya zilizobanana. Wengi wa shule hii humtaja hadi leo. Alichokiona kuhusu kuoza kwa meno kinakubalika, maana uhusiano wake na sukari umethibitishwa. Lakini hakutenganisha chakula na sababu nyingine za maisha, na hakupima pumzi ya mtu yeyote aliyelala. Kazi yake haiwezi kubeba dai kwamba mlo pekee hutibu koo linaloziba.

Kifaa kinachotumika zaidi ni cha kusogeza taya ya chini mbele. Daktari huanza kwa kutibu fizi na meno yaliyooza, kwa sababu kifaa hujishikiza kwenye meno, na meno yanayolegea hayakibebi. Kisha huchukua chapa ya meno ya juu na ya chini, akampa mgonjwa kipimo cha kuuma huku akisogeza kidevu mbele kadiri awezavyo. Kifaa hutengenezwa kishike taya katika sehemu ya mwendo huo, aghalabu kati ya nusu na robo tatu. Vipande viwili vya akriliki, ya jamii ileile inayotumika kwa meno bandia, huunganishwa kwa skrubu ndogo au mikanda, na mgonjwa huongeza mwendo kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hadi kukoroma kupungue bila taya kuuma. Vifaa vya kulainisha kwa maji moto vinavyouzwa tayari ni rahisi kwa bei, lakini havikai vizuri na vingi havina namna ya kurekebisha mwendo.

Mashine ya kusukuma hewa hupunguza matukio zaidi ya kifaa, ila wagonjwa wengi huivua kabla ya alfajiri, ilhali kifaa huvaliwa saa nyingi zaidi. Kwa jiji la Dar es Salaam, lililopitia mgao wa umeme mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kifaa kisichohitaji umeme kina faida ya wazi. Hata hivyo, takribani theluthi moja ya wanaokivaa hawapati nafuu ya kutosha. Mate mengi na maumivu ya kiungo cha taya ni kawaida siku za mwanzo. Baada ya miaka meno yanaweza kuhama na namna ya kuuma ikabadilika, hivyo mvaaji huhitaji kuonwa na daktari mara kwa mara.

Upande wa misuli una ushahidi mzuri kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti wa Brazil wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa mazoezi ya kila siku ya ulimi, kaakaa na koo kwa miezi 3 yalipunguza matukio kwa takribani asilimia 39 kwa wagonjwa wa hali ya wastani. Mazoezi hayo hayagharimu kitu ila uvumilivu. Kulala ubavu husaidia wale ambao pumzi hukatika zaidi wakiwa chali. Kupunguza uzito kwa asilimia 10 kulihusishwa, katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, na kupungua kwa matukio kwa asilimia 26. Kinyume chake, vifaa vinavyotangazwa kukuza taya ya mtu mzima bila upasuaji havina uthibitisho unaolingana na bei zake, na vingine vimewaachia watu meno yaliyolegea. Taya ya mtu mzima husogezwa kwa kudumu kwa upasuaji.

Jambo moja la hapa nyumbani linahitaji kusemwa bila kuzunguka. Kukata kimeo, kunakofanywa na mafundi wa jadi katika sehemu nyingi za Tanzania hasa kwa watoto wenye kikohozi kisichoisha, si tiba ya kukoroma. Ni kweli upasuaji wa kaakaa laini na kimeo upo hospitalini tangu miaka ya 1980, lakini huo hufanywa kwa dawa ya usingizi, kwa wagonjwa waliochaguliwa, na matokeo yake hayana uhakika. Kisu cha mtaani huleta kutokwa damu, usaha na pepopunda, na sehemu kubwa ya tatizo, yaani ulimi na taya, hubaki palepale.

Kwa watoto, chanzo kikuu ni mafindofindo na nyama za pua, na tiba ya kwanza ni kuziondoa kwa upasuaji. Watoto wenye selimundu wapewe uangalifu wa pekee, kwa kuwa oksijeni ikishuka usiku huwazidishia madhara. Daktari wa meno husaidia pale kaakaa linapokuwa jembamba: kifaa cha kupanua hufunguliwa kidogo kila siku, na kwa kuwa mshono wa kaakaa bado haujafunga, mfupa hutanuka kweli. Mtoto anayelala kinywa wazi, anayekoroma usiku mwingi na kusinzia au kuhangaika darasani aonwe mapema.

Mkazi wa Kipawa huanzia kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana. Aliye Temeke au Kinondoni ana Hospitali ya Temeke na ya Mwananyamala. Kutoka hapo rufaa huelekea Muhimbili, kwenye madaktari wa masikio, pua na koo na wale wa kinywa na meno. Mafunzo ya madaktari wa meno yapo Muhimbili tangu 1979. Mgonjwa aende na video fupi ya simu iliyorekodiwa akiwa amelala. Kipimo cha usingizi kitangulie kifaa, na kirudiwe mgonjwa akiwa amekivaa, kwa sababu mkoromo unaweza kunyamaza huku pumzi ikiendelea kukatika.