Ajrakh: Nguo Inajulikana Dunia Nzima, Mafundi Wake Je?

Wadau, kama ni mtu wa kufuatilia fasheni mtandaoni, hii nguo umeshaiona hata kama jina lake hulijui. Buluu iliyokolea kama usiku, nyekundu ya damu ya mzee, nyota na maua yaliyopangwa kwa hesabu mpaka macho yanazunguka. Inaitwa ajrakh. Wabunifu wa Delhi na Mumbai wanaipandisha jukwaani na majina yao yanaandikwa kwa herufi kubwa. Aliyeigonga mihuri na kuitia rangi? Kimya. Leo tunamzungumzia huyo huyo.

Kwao ni Kutch, sehemu kame ya jimbo la Gujarat, magharibi kabisa mwa India, na vilevile ng'ambo ya mpaka, Sindh, Pakistan. Watu wa pwani Kutch tunaijua bila kujua: Wahindi wengi wa Zanzibar na Mombasa asili yao ni huko, na majahazi ya bandari ya Mandvi yalikuwa yakija kwetu na kaskazi, yamejaa nguo. Hata kaniki, ile nguo ya buluu-nyeusi ya mabibi zetu, kitambo ilikuwa inaletwa kutoka India ikiwa imeshatiwa nili.

Wenye kazi yao ni ukoo wa Khatri. Waliingia Kutch kutoka Sindh miaka zaidi ya 400 iliyopita, kwa mwaliko wa mfalme wa pale. Wangeweza kukaa karibu na ikulu, lakini wakaenda kujenga kijiji cha Dhamadka, kisa mto. Shika hilo neno, tutalirudia.

Kwa nini mto? Kwa sababu ajrakh ni kufua, kufua na kufua tena. Pamba inafuliwa kwanza, halafu inalowekwa kwenye mchanganyiko wa mafuta ya nyonyo, magadi na mavi ya ngamia (ndiyo, umesoma sawa), inaanikwa juani, inafuliwa tena. Kisha inazamishwa kwenye maji ya tunda la mti uitwao halilaji ili rangi ishike. Ndipo fundi anachukua mhuri wa mbao uliochongwa kwa mkono na kugonga chokaa iliyochanganywa na gundi ya miti, pale panapotakiwa kubaki peupe. Rangi nyeusi anaipika kwa vyuma chakavu na sukari guru, vinaachwa vichache siku kadhaa, kisha unatiwa unga wa kokwa za ukwaju uwe mzito. Wekundu unaanza na shabu. Halafu nguo inatumbukizwa kwenye pipa la nili: ikitoka ni ya kijani, ikipigwa na hewa inageuka buluu mbele ya macho yako. Baadaye inachemshwa kwa mizizi ya rangi nyekundu, na wekundu unatokea pale pale tu palipogongwa shabu. Yaani ni kemia tupu, na walioivumbua hawakuingia maabara hata siku moja.

Jumla ni hatua zaidi ya 12, na kila baada ya hatua nguo lazima ipumzike. Jina lenyewe wengi wanasema limetoka kwenye neno la Kiarabu la buluu, azrak. Ila mafundi wana maelezo yao matamu zaidi: "aaj rakh", yaani leo iache.

Ukitaka kujua kazi ya namna hii ni ya zamani kiasi gani, nenda Oxford. Makumbusho ya Ashmolean yana vipande zaidi ya 1,000 vya pamba ya India iliyogongwa mihuri, vilivyopatikana Misri, vingi vikihusishwa na Fustat, yaani Cairo ya kale. Baadhi vina umri wa karibu miaka 1,000, na michoro mingine ni ndugu kabisa wa ajrakh. Vina namba za makumbusho. Jina la fundi, hata moja hakuna.

Huko nyumbani wavaaji walikuwa wafugaji: wanajifunga kiunoni kama kikoi, wanapiga kilemba, wanafungia mzigo, wanatandika mtoto alale. Katikati ya karne ya 20 ikaja poliesta ya bei chee na wateja wakahama. Mafundi nao walikuwa wameshaingia kwenye rangi za viwandani. Miaka ya 1970 baba mmoja wa Dhamadka akashika njia ya kinyume: akarudi kwenye rangi za asili, akawafundisha wanawe kila kitu, na soko jipya likapatikana kwa watu wa mijini na nje ya nchi. Bila uamuzi wa huyo mzee, mimi nadhani leo tungekuwa tunaiona ajrakh kwenye kabati za vioo tu.

Halafu ikafika tarehe 26 Januari 2001, asubuhi, siku ya mapumziko ya kitaifa. Tetemeko la ardhi likaipiga Kutch, watu karibu 20,000 wakafa. Dhamadka ikabomoka. Mto ulikuwa umeshakauka zamani na watu walitegemea visima, na baada ya tetemeko maji ya visima yakawa na chuma kingi. Kumbuka rangi nyeusi inapikwa na nini. Maji yenye chuma yanaufifisha wekundu na kuchafua kila kitu. Nyumba unaweza kuijenga upya, maji utayatoa wapi?

Familia nyingi zikanunua ardhi karibu na mji wa Bhuj, zikaanzisha kijiji kipya, wakakiita Ajrakhpur. Wengine wakagoma kuondoka. Mpaka leo ukoo uko pande mbili, na hata Ajrakhpur maji ya ardhini yanazidi kushuka.

Balaa lingine ni mashine. Kiwanda kinanakili mchoro, kinauchapa kwa siku moja juu ya poliesta, na muuzaji anaandika "ajrakh" bila aibu. Mimi naita wizi. Mwaka 2024 ajrakh ya Kutch ilipata ulinzi wa kisheria wa jina la mahali inapotoka, lakini sheria na duka la mtandaoni ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo kabla ya kulipa, igeuze nguo. Ya mashine nyuma mara nyingi imepauka. Ya mkono rangi imezama mpaka upande wa pili, na zile za daraja la juu zimegongwa mihuri pande zote mbili. Tafuta pia mahali mihuri miwili ilipokutana ikapishana kidogo, kama upana wa uzi. Hapo ndipo mkono wa fundi ulipopita.