Bunduki ya shabaha ya mezani

Bunduki ya shabaha ya mezani ni bunduki iliyoundwa kwa kazi moja tu, nayo ni kupitisha risasi kadhaa mfululizo katika tundu lile lile la karatasi, au karibu nalo kadiri inavyowezekana. Si silaha ya vita, wala si ya mawindo. Mlenga shabaha huketi kwenye meza nzito, mara nyingi ya zege, na bunduki hulazwa juu ya vifuko vya mchanga mbele na nyuma. Karatasi hutundikwa umbali wa yadi 100, 200 au 300, yaani takriban mita 91, 183 na 274. Katika shindano la makundi hakuna alama za kupiga katikati. Kinachopimwa ni umbali kati ya vituo vya matundu mawili yaliyoachana zaidi katika kundi la risasi 5 au 10, na mwenye kundi dogo ndiye mshindi.

Mchezo huu ulikulia Marekani, na una wafuasi Ulaya, Australia na Afrika Kusini. Bunduki zake haziuzwi zikiwa kamili dukani kama zile za kawaida. Kila moja hukusanywa na fundi kwa oda ya mteja, sehemu hii kutoka kwa mtengenezaji huyu na ile kutoka kwa yule, kisha hujaribiwa hadi ijulikane inapenda nini na inakataa nini. Kujaribu huko ni kazi kubwa sawa na kuunda kwenyewe, na ndiko kunakotenganisha bunduki bora na bunduki yenye sifa za mdomoni.

Historia

Swali la kujua bunduki yenyewe inaweza nini, bila kuchanganya na mkono wa mtu, ni la zamani. Tarehe 2 Julai 1860, huko Wimbledon, Uingereza, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha bunduki cha nchi hiyo kwa kuvuta kamba ya hariri iliyofungwa kwenye bunduki ya Joseph Whitworth. Bunduki ilikuwa imebanwa kwenye fremu ya chuma, na risasi ikapiga takriban inchi moja na robo kutoka katikati, kutoka umbali wa yadi 400. Malkia hakulenga chochote. Fremu ndiyo iliyolenga, na jambo hilo ndilo lililowavutia mafundi waliokuwapo.

Marekani ilikuwa na mafundi wa mitutu waliotajwa kwa heshima kama mabingwa wa mchezo wenyewe, na anayekumbukwa zaidi ni Harry Pope (1861–1950). Mnamo Mei 1901, C. W. Rowland wa Boulder, Colorado, akitumia mtutu wa Pope, alipiga risasi 10 kwa yadi 200 katika kundi la inchi 0.725, ambazo ni milimita 18 na kitu. Risasi zake zilikuwa za risasi tupu isiyovikwa shaba, na leo hii bunduki nyingi za kisasa haziwezi kuifikia kazi hiyo.

Aliyeanza kuuliza kwa nini ni daktari Franklin W. Mann wa Milford, Massachusetts. Alijenga nguzo kubwa ya zege ardhini, akauweka mtutu mtupu katika mtaro wenye umbo la V bila kitako wala bega la mtu, kisha akatundika karatasi nyembamba njiani ili aone risasi inavyopita hatua kwa hatua. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1909, kilionyesha kwamba risasi isiyo na uwiano, na hasa iliyoharibika kitako chake, hupotoka hata mtutu ukiwa umetulia kama jiwe. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, Mann ndiye baba halisi wa fani hii. Wengine walitafuta kundi dogo, yeye alitafuta sababu ya kundi kuwa kubwa.

Mashindano ya mezani kwa sura yake ya sasa yalianza miaka ya 1940, Seattle upande wa magharibi na Johnstown, New York, upande wa mashariki. Mwaka 1950 kampuni ya Remington ilitoa risasi ya .222 iliyobuniwa na mhandisi wake Mike Walker, ambaye mwenyewe alikuwa mlenga shabaha, na kwa zaidi ya miaka 20 risasi hiyo ilitawala meza zote.

Uundaji

Kazi hii hufanywa na mafundi wenye leseni. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004 zimejifunga kuufanya utengenezaji wa silaha bila kibali kuwa kosa la jinai. Yanayofuata ni maelezo ya namna mafundi hao wanavyofikiri, na si mwongozo wa kufanyia kazi.

Mtutu ndio roho ya bunduki. Hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, ukiwa mnene kuliko mtutu wa kawaida ili usitetemeke ovyo wala kupata joto haraka. Ndani yake mna mifereji inayozunguka, ambayo huipa risasi mzunguko wa kuifanya isiyumbe hewani. Mifereji hiyo ama hukatwa kidogo kidogo kwa kisu, ama husukumwa kwa kitufe kigumu kinachopita ndani kwa nguvu. Kiasi cha mzunguko hufuata urefu wa risasi, kwani risasi ndefu hudai mzunguko wa haraka zaidi. Mwingereza Alfred George Greenhill alitoa kanuni ya hesabu hiyo mwaka 1879, na bado inatosha kwa makadirio ya kwanza. Risasi fupi ya milimita 6 inayopendwa mezani huzunguka mara moja kwa kila inchi 13 au 14 za mtutu. Kuzungusha kupita kiasi kuna madhara yake pia, kwa sababu kasoro ndogo ya uwiano ndani ya risasi hukuzwa na mzunguko.

Ustadi wa fundi huonekana zaidi pale anapochonga chemba, nyumba ya risasi nyuma ya mtutu. Tundu la mtutu, hata wa bei kubwa, halijanyooka kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi huufunga mtutu kwenye mashine ya kukereza, huingiza ncha ya geji ndani ya tundu lenyewe na kuuzungusha polepole huku akiitazama sindano. Sindano ikicheza, hulegeza skrubu moja na kukaza ya upande wa pili, kisha anazungusha tena. Kazi hiyo yaweza kumla muda mrefu kuliko kuchonga kwenyewe, na hataanza kukata mpaka sindano itulie. Anataka chemba ifuate tundu, wala hajali sana kama uso wa nje wa mtutu unayumba. Chemba ikikaa upande, risasi huingia kwenye mifereji ikiwa imeinama, na hakuna kitu kitakachoinyoosha tena njiani.

Sehemu inayobeba komeo hunyooshwa vivyo hivyo, ili nyuso zote zinazogusana ziwe mraba na mhimili wa tundu. Mafundi wa zamani walianza na bunduki za kiwandani na kuzisahihisha. Leo wengi huanza na mwili uliochongwa maalumu kwa mchezo huu, usio na magazini, wenye nafasi ndogo tu ya kuwekea risasi moja, kwa sababu chuma kisichotobolewa sana hakipindi kirahisi.

Kitako kilikuwa cha mbao za mti wa jozi, nazo hunywa unyevu na kupinda. Bunduki iliyopiga vizuri asubuhi kavu ilibadilika mvua ikinyesha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mafundi wa Marekani waliingiza vitako vya fibaglasi, na tatizo hilo likaisha. Mwili wa bunduki hulazwa ndani ya gundi ngumu ya epoksi inayojaza kila upenyo, na wengine huugandisha humo moja kwa moja. Mtutu wenyewe huachwa uelee bila kugusa kitako mahali popote.

Kifyatulio hupunguzwa hadi kikubali kwa uzito wa takriban gramu 57. Kwa bunduki ya kubeba begani hiyo ni hatari, na ndiyo maana mezani komeo halifungwi mpaka bunduki iwe imelala kwenye vifuko ikielekea shabaha na msimamizi ametoa amri. Darubini hukuza mara 36 au zaidi. Uzito wa jumla una mipaka ya madaraja, ambayo yanayojulikana zaidi ni kilo 4.76 na kilo 6.12, darubini ikiwemo.

Ganda lililotoka kwenye AK-47

Mwaka 1975 daktari wa upasuaji Louis Palmisano na fundi Ferris Pindell walibuni ganda jipya walilolipa herufi za majina yao, PPC. Walianza na ganda la Kirusi la .220, ambalo nalo lilitokana na ganda la 7.62 × 39, lile la AK-47. Wasomaji wa Maziwa Makuu wanalijua ganda hilo kwa msiba. Wengi wameliokota shambani au kando ya barabara baada ya mapigano. Palmisano na Pindell hawakuvutiwa na sifa hiyo hata kidogo. Waliona ganda fupi na nene, lenye nafasi ndogo ya fataki nyuma yake, ambamo baruti hukaa kama rundo fupi na kuwaka kwa namna ile ile kila mara. Walilipanua mabega, wakaipanua shingo ishike risasi ya milimita 6 yenye uzito wa takriban gramu 4.4. Katika miaka michache PPC iliiondoa .222 mezani, na hadi leo ndiyo inayotumiwa na wengi kwa yadi 100 na 200.

Mlenga shabaha hujaza maganda yake mwenyewe. Maganda machache tu humtosha kwa msimu mzima, akiyajaza palepale uwanjani kati ya raundi na raundi, kwani hali ya hewa ya mchana hudai kipimo cha baruti tofauti na cha asubuhi.

Majaribio

Kundi moja zuri halithibitishi kitu. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika, na hata mafundi waaminifu hujidanganya wenyewe. Makundi hutofautiana kwa bahati, na yenye risasi chache huonekana madogo kuliko ukweli. Hesabu za takwimu zinaonyesha kwamba bunduki ambayo makundi yake ya risasi 10 yana wastani wa milimita 19 itatoa wastani wa milimita 12 tu ikipigwa risasi 3 kwa kundi. Bunduki ni ile ile, hakuna skrubu iliyoguswa, bali sifa yake imepanda kwa zaidi ya theluthi kwenye karatasi. Ndiyo sababu mashindano hutumia wastani wa makundi matano ya risasi 5, na kundi baya huingia katika hesabu sawa na zuri.

Jambo la pili ni kutenganisha vyanzo. Kundi likitawanyika, huenda ni mtutu, risasi, kitako kilicholegea, darubini iliyovunjika ndani, mkono wa mlengaji au upepo. Anayebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja hawezi kujua kipi kilimsaidia. Darubini hujaribiwa kwa kuhamishiwa kwenye bunduki inayojulikana kuwa nzuri. Upepo husomwa kwa safu ya bendera ndogo zilizopangwa kati ya meza na shabaha, na wenye uzoefu huzitazama bendera kuliko wanavyotazama karatasi. Upepo mwepesi usiotikisa hata tawi unaweza kuisogeza risasi kwa kiasi kinachozidi kundi zima. Wapo waliokimbilia ndani kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walenga shabaha wa Houston, Texas, walifanya majaribio usiku ndani ya ghala refu lililofungwa, na hapo ndipo walipoziona bunduki zao bila pazia la hewa.

Katika michezo ya Olimpiki ya mita 50, ambako duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 10.4, jaribio huelekezwa kwenye risasi. Risasi ndogo za .22 hutengenezwa kwa mafungu, na fungu moja hutofautiana na jingine hata kama mashine na malighafi ni zile zile. Wanamichezo husafiri na bunduki zao hadi kwa watengenezaji wa Ujerumani na Uingereza, ambako bunduki hubanwa kwenye fremu na kupigiwa fungu baada ya fungu. Likipatikana linaloelewana na mtutu ule, mwanamichezo hununua akiba ya kutosha misimu kadhaa.

Kipimo cha rekodi nacho kina utaratibu wake. Kundi likiwa dogo sana, matundu yote huwa moja, na msimamizi hawezi kuapa kwamba risasi tano zilipita. Kwa hiyo nyuma ya shabaha huwekwa utepe wa karatasi unaosogea polepole wakati wa raundi, na kila risasi huacha tundu lake peke yake kwenye utepe huo. Mwaka 1973 Mac McMillan alipiga risasi 5 kwa yadi 100 katika kundi la inchi 0.009, ambalo ni robo ya milimita pungufu kidogo. Rekodi hiyo ilikaa miaka 40, hadi Mike Stinnett alipoivunja mwaka 2013 kwa inchi 0.0077.

Mtutu unaoweza kushinda haudumu. Moto wa baruti hula chuma mbele ya chemba, na baada ya risasi elfu moja na kitu wengi huufungua na kufunga mpya, kisha majaribio yote huanza upya, kwa kuwa mitutu miwili iliyotoka kwa fundi mmoja siku moja haifanani. Kwa hiyo msomaji anayeonyeshwa karatasi yenye kundi dogo na kuambiwa hiyo ndiyo kazi ya bunduki fulani, na aulize mambo mawili kabla ya kutoa fedha: kundi hilo ni la risasi ngapi, na mengine yaliyopigwa siku hiyo yako wapi.