Doa Lililozidisha Nuru

Lenzi kongwe ya kamera iliyolala sandukuni miaka mingi humfikia mmiliki wake mpya pamoja na ila zake: vumbi, alama za vidole, nyuzi za kuvu na, juu ya kioo cha mbele, wekundu au ubuluu hafifu unaoonekana tu lenzi ikiinamishwa. Mwenyewe huandaa pamba, spiriti na bisibisi ndogo, akaketi mezani ayaondoe yote. Hilo la mwisho lina historia yake, na lilistahili kuachwa.

Mwaka 1817 Joseph Fraunhofer, bingwa wa vioo huko Bavaria, aliona kwamba kioo kilichofubazwa kwa asidi hakimeremeti kama kipya. Mwaka 1886 Lord Rayleigh wa Uingereza naye akabaini kuwa kioo kikuukuu kilichofubaa hupitisha nuru zaidi kuliko kipya. Nani angesadiki?

Aliyelichukulia jambo hilo kwa uzito ni Harold Dennis Taylor, mbunifu wa lenzi katika karakana ya T. Cooke & Sons mjini York, ambaye mwaka 1893 alibuni lenzi mashuhuri ya vioo vitatu. Vioo vitatu vina nyuso sita, na kila uso mtupu hurudisha nyuma asilimia 4 hadi 5 ya nuru. Hivyo takriban robo ya nuru haifiki inakokusudiwa, na sehemu yake hurukaruka baina ya vioo na kuipausha picha. Taylor aliona kuwa lenzi zilizofubaa zilipungukiwa na hasara hiyo. Akawatuliza wenye darubini waliokuwa wakihangaikia madoa ya vioo vyao: utando ule ni rafiki wa mtazamaji. Mwaka 1904 alijipatia hataza ya kufubaza vioo makusudi kwa kemikali, ila matokeo hayakutabirika. Kioo hiki kilikubali, kile kikakataa.

Siri yake ni wembamba. Utando ukiwa na unene wa robo ya wimbi la nuru, mwako unaorudi kutoka juu yake hukutana na ule unaorudi kutoka chini, na kila mmoja ukaufuta mwenziwe. Wakati ulikuwa umefanya kwa bahati kile ambacho Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alikuja kukifanya kwa hesabu mwaka 1935, alipopaka vioo utando kwa mvuke ndani ya ombwe. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, lenzi za namna hiyo zilikuwa bado hazijazaliwa. Wapiga picha wa zama zile walifanya kazi na vioo vitupu, katika hewa ya chumvi na unyevu.

Unyevu huo ndio unaostawisha kuvu, na kuvu haistahili huruma. Hula vumbi na mafuta ya vidole, hutoa asidi, na ikiachwa muda mrefu huacha michoro kiooni hata baada ya kufa. Iondolewe mapema, kwa mkono mwepesi, baada ya vumbi kupulizwa. Chembe moja ya mchanga chini ya pamba yatosha kuacha mkwaruzo wa milele. Tando za kwanza za kiwandani nazo zilikuwa laini mno, na nyingi zimefutwa na watu waliodhani wanasafisha.

Kuvitofautisha si kazi ngumu. Lenzi ikiinuliwa mbele ya taa, kuvu huonekana kama nyuzi au ukungu mweupe, ilhali rangi ya uzee hutoweka na kioo kikabaki angavu. Lakini wapo wanaochukua dawa ya meno wakaisugua rangi ile hadi kioo king'are kama kilivyotoka kiwandani. Kikishang'ara hivyo, hurudisha tena asilimia 4 hadi 5 zake, pengine na mbonyeo wake umekwisha haribika.