Mtipitipi: jani tamu, mbegu ya sumu

Mdalasini, karafuu na pilipili manga za Soko Kuu la Chifu Kingalu, Morogoro Mjini, hushuka kutoka Uluguru, vijiji vya Kinole na Matombo vikiwamo. Mzizi mtamu wa susu hautoki huko. Huo ni mgeni wa maduka ya dawa za Kiarabu na Kihindi, asili yake nchi za Mediterania na Asia ya Magharibi, ambako tangu enzi za tabibu Wagiriki umetafunwa na kuchemshwa kutuliza kikohozi na tumbo.

Lakini hata sisi hatukunyimwa utamu. Kwenye vichaka vya nyanda za chini, kuanzia pwani hadi huku bara, hutambaa mtipitipi, wengine huuita mturituri: mmea wa jamii ya kunde, majani madogo yaliyopangana mawili mawili kwenye kikonyo. Ukitafuna jani, mwanzoni ni majani tu. Kisha utamu unapanda polepole na kung'ang'ania ulimini. Katika Afrika Mashariki majani hayo hutafunwa kwa ajili ya kikohozi na koo linalowasha. Java huyatumia hivyo hivyo. Waingereza nao waliona ufanano wa mtipitipi na susu, na Famakopia ya India ya mwaka 1868 iliukubali mzizi wa mmea huu kuwa mbadala wa susu.

Susu yenyewe si ya kunywa bila hesabu. Utamu wake unatokana na glisirizini, ambayo ni tamu kuliko sukari mara 50 hivi. Mwaka 1946 daktari Mholanzi, Revers, alieleza jinsi wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo walivyopata nafuu kwa susu, lakini baadhi yao wakavimba. Ikizidi, mwili hushikilia chumvi na maji, hupoteza potasiamu, na shinikizo la damu hupanda. Ndiyo maana simwelewi anayemwambia mgonjwa wa presha kwamba dawa ya mizizi haina madhara.

Kwa mtipitipi hatari iko pengine kabisa, kwenye mbegu, na huwezi kukosa kuiona: nyekundu inayong'aa, yenye doa jeusi upande mmoja. Uzuri huo umeifanya shanga, na huko India masonara waliipimia dhahabu, kwa kuwa mbegu hazitofautiani sana uzito. Pwani yetu hutiwa ndani ya kayamba. Mlio ule wa mvua kwenye mabua ni mbegu za mturituri zikikimbizana. Ndani ya ganda mna abrini, sumu inayozuia seli kutengeneza protini, na hadi leo haina dawa ya kuitangua. Mbegu moja ikitafunwa vizuri yaweza kuua.

Hata hivyo tabibu wa Ulaya waliigeukia. Mwaka 1882 Louis de Wecker wa Paris alieneza matumizi ya maji ya mbegu hizi kutibu trakoma. Jicho lilivimba vibaya, na wengine walidhurika zaidi ya walivyopona. Faida kubwa ilipatikana kwingine. Mwaka 1891 huko Berlin, Paul Ehrlich aliwapa panya abrini kidogo kidogo, akiongeza kipimo, mpaka wakahimili kiasi ambacho kingewaua siku ya kwanza. Panya waliozoea abrini hawakuwa na kinga dhidi ya sumu ya mbarika, wala wa mbarika dhidi ya abrini. Kumbe kila sumu huamsha kinga yake. Tafiti zake za kinga zilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Mbegu nzima ikimezwa mara nyingi hupita tumboni bila kufunguka, maana ganda lake ni gumu. Shanga ni jambo jingine: ili uzi upite lazima ganda litobolewe, na tundu hilo ndilo mlango wa abrini. Mkufu wa mturituri hauna nafasi shingoni mwa mtoto anayeota meno.